Nimekaa siku mbili baraza la madiwani, naipa nyota tatu na nusu (chai haikunifikia)

Watu wanagawa nyota kwa chipsi na saluni kila siku, leo ngoja mi nigawe za baraza la madiwani. Nimekaa kikao cha robo mwaka siku mbili mfululizo, halmashauri moja hapa hapa Kilimanjaro, siitaji, mkoa una halmashauri saba kwahiyo we piga ramli. Nalala Pasua Moshi mjini ila karakana yetu iko kwingine, usijumlishe haraka. Mi ni katibu wa kikundi cha vijana wa kuchomelea mageti, tumeomba mkopo wa ile asilimia kumi ya halmashauri tukasubiri mpaka nakala ya barua imepauka, ndo kilichonipeleka.

Kuingia ni bure. Kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi unaruhusiwa kukaa ukasikiliza ila mdomo unauacha nje, anayeongea ni mjumbe na anayeitwa na mwenyekiti basi. Mgambo wa getini hilo alikuwa hana habari nalo, akaniuliza barua ya mwaliko iko wapi, nikamwambia mjomba si kikao cha wazi hiki, akaenda kuuliza ndani akakaa huko karibu robo saa akarudi "haya ingia mangi, ila simu toa mlio". Viti vya wananchi ni vya plastiki, nyuma kabisa, unakaa na watendaji wa kata ambao nao wanakuangalia kama umekuja kuwachongea.

Muda ndo nyota ya kwanza ilipodondoka. Tangazo linasema saa nne, mkurugenzi kaingia, wakuu wa idara wameingia na mafaili yao, madiwani hawaonekani, kumbe wako chai. Harufu ya sambusa ilifika mpaka kwenye plastiki zetu, sambusa zenyewe hazikufika. Saa tano na ushee wakaingia na majoho yao, sala, kikao kikafunguliwa. Aisee lile joho kwenye ukumbi wenye feni mbili moja mbovu ni adhabu, kuna mzee alikuwa anajipepea na kabrasha mpaka huruma.

Siku ya kwanza ni taarifa za kata, kila diwani anasoma ya kwake, na kata ni nyingi. Kusema ukweli kwenye ya tano au ya sita nilisinzia. Ila nilichoshika ni kwamba karibu kila diwani analia barabara na maji, na hapo mkurugenzi hata jasho halimtoki, maana barabara za mitaa na vijijini zilihamia kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017 na maji ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, tangu 2019. Yaani mheshimiwa anazongwa gulioni na mama zake kuhusu kalavati, akija kwenye baraza lake kuuliza, ofisi aliyopewa kazi ya kuisimamia siyo yenye kalavati. Mtu wa wakala anaalikwa anakuja, anasimama anasema ipo kwenye bajeti anakaa. Zamani nilikuwa nawatukana sana madiwani kwa barabara, nimepunguza.

Siku ya pili ndo chakula chenyewe, taarifa za kamati, ile ya fedha, ya huduma za jamii na nyingine. Hapa ndo waheshimiwa wanawabana wataalamu na hapa ndo niliona nilichokuwa sikijui. Kuna diwani mmoja, kijana, sauti kama mpiga debe wa stendi, alisimama kuhusu choo cha shule ya msingi kwenye kata yake. Akapiga meza. Wananchi wamechoka mheshimiwa mwenyekiti, watoto wanaenda migombani, hatutakubali, huu ni uhujumu. Wenzake wakagonga meza, hata mi nyuma huku nikajikuta nagonga plastiki. Mkurugenzi akasimama taratibu, "mheshimiwa mwenyekiti tumeipokea hoja ya mheshimiwa, tutaifanyia kazi", akakaa. Imeisha hiyo. Sekunde kumi tu.

Mwenyekiti anataka kwenda ukurasa mwingine, akanyoosha mkono mama mmoja wa viti maalum, mtu mzima, miwani imefungwa na kamba, siku nzima ya kwanza hakuongea neno. Akasema mheshimiwa mwenyekiti mi nina swali dogo tu la kusoma. Akatoa kabrasha la robo hii, alafu kwenye mkoba wa khanga akatoa la robo iliyopita. Akasoma, robo iliyopita choo hiki kimeandikwa utekelezaji asilimia 100, robo hii kimeandikwa asilimia 85, naomba wataalamu wanisaidie, choo kinarudije nyuma?

Ukumbi ulicheka alafu ukanyamaza. Mkuu wa idara akamwangalia mchumi, mchumi akaangalia dari. Kiyoyozi hakuna lakini palipoa. Baada ya kunong'onezana kidogo ikaja kwamba ile mia ya kwanza ilikuwa asilimia ya fedha na hii themanini na tano ni asilimia ya kazi. Yaani hela iliyotengwa yote imeshatoka, choo bado hakijaisha. Hapo ndo nilielewa kwanini zile taarifa huwa zinanichanganya, neno ni lile lile "utekelezaji" ila huku linapima pesa iliyotumika huku linapima tofali lililopanda, na aliyeandika anachagua linalopendeza. Mama hakupiga meza. Akauliza tu, kwahiyo asilimia 15 iliyobaki italipwa na nani, na kamati ya ujenzi ya shule iliyopokea vifaa ina daftari au haina? Maana mradi wenyewe walijenga kwa fundi wa hapo hapo, shule inanunua vifaa, hakuna mkandarasi wa kumkamata shati. Dakika karibu ishirini walikuwa kwenye choo kimoja, ikatoka na azimio, kamati ya fedha iende site na ilete majibu, na kamati ya fedha inakaa kila mwezi siyo kila robo kwahiyo siyo mbali. Yule kijana wa meza alikuwa anaandika.

Mengine yalipita haraka. Kuna aliyeuliza kuhusu fedha mbichi, ile ushuru unakusanywa kwenye mashine ya POS alafu unatumika kabla ya kufika benki, akaambiwa wahusika wameandikiwa barua. Hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nazo, ngapi zimefungwa ngapi hazijafungwa, tarakimu zilisomwa mbio kama mnada wa Kiboriloni.

Alafu ikaja yangu. Asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, haina riba, iko kisheria tangu 2018, serikali ikaisimamisha 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Diwani akauliza vikundi vilivyopata ni vipi, jibu, orodha ipo ofisini. Nikawa natamani mtu aulize ofisi ipi na saa ngapi. Hakuna aliyeuliza, na mama wa mkoba alikuwa ameinama anatafuta kitu. Tukahama. Nyota ya nusu iliondokea hapo hapo.

Mwisho mwenyekiti akatangaza baraza linakaa kama kamati, maana yake wanajadili mambo ya nidhamu ya watumishi, wageni wote nje. Sawa, ni utaratibu, ila tulipigwa jua pale nje zaidi ya saa nzima, na mtori wa mama ntilie wa getini ulikuwa umeisha kimebaki kiburu, zile ndizi na maharage. Kiburu kilikuwa kizuri lakini, hiki nakipa nyota tano bila maswali.

Walipotoka nikamvizia yule mama. Shikamoo mheshimiwa. Marahaba mwanangu. Nikamuuliza umejuaje kuhusu choo, akacheka, akasema makabrasha yake yote yako chini ya kitanda tangu anaanza, wenzie wanafungia maandazi. Nikaona ndo nafasi, nikaanza kumwelezea kikundi chetu, tulivyoomba, tulivyozungushwa, nikanogewa kabisa na sauti ikapanda. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza, kikundi chenu usajili namba ngapi na mliomba tarehe ngapi?

Nikajipapasa. Namba iko kwenye simu ya mweka hazina, mweka hazina yuko Himo, na simu yake haipatikani.