TAHADHARI: Sindano za "seli shina" za maji ya chupa ya uzazi, wazee wetu huku Marekani wanapigwa hela

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Hii naiandika hasa kwa ndugu tulioko Texas, ila yeyote mwenye mzazi anayelalamika magoti aisome mpaka mwisho na amtumie mwenzake. Kuna watu wanafanya semina za bure mahotelini, wanauza sindano wanazodai zina seli shina hai (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zilizotoka kwenye maji ya chupa ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, eti zinaotesha upya gegedu la goti (ile tishu laini inayozuia mifupa isisuguane), zinatibu mgongo, kisukari, kiharusi, mpaka Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Dola 5,000 goti moja. Msilipe!

Kwetu aliyelizwa ni mama mkubwa. Yuko huku miaka mingi, kazi yake ilikuwa kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba za wazee, kuinua watu wazima vitandani usiku na mchana, magoti yameisha, na daktari wake alishamwambia la kushoto itabidi libadilishwe ila yeye anaogopa kisu. Rafiki yake wa kanisani akapata tangazo wakaenda wote, wakalishwa mchana vizuri tu, akasimama jamaa kavaa koti jeupe (baadaye tukajua si daktari wa mifupa, ni wale wa kunyoosha mgongo) akaonyesha eksirei za goti kabla na goti baada, na video ya bibi anapanda ngazi bila fimbo. Mwishoni ndio bei inatajwa, na ukisaini leoleo kabla hujatoka unapunguziwa, kama hela huna kuna mkopo wa matibabu, binti anakujazia fomu hapohapo mezani wewe unaweka sahihi tu. Mama mkubwa akasaini. Magoti yote mawili.

Siku yenyewe nesi akatoa kichupa cha mililita 1, kimeganda, akakifikicha kwenye viganja mpaka kikayeyuka, akavuta kwenye bomba la sindano, wakamchoma bila hata ultrasaundi ya kuonyesha sindano inaingia wapi. Baadaye goti la kushoto likavimba, ukiligusa la moto, hawezi kukanyaga, tukamkimbiza imejensi wakavuta maji ya goti wakapima. Tunamshukuru Mungu hayakuwa na bakteria. Lakini maumivu ni yaleyale ya zamani, hatua hajaongeza hata moja, na mkopo unakatwa kila mwezi na riba juu. Kliniki ukiwapigia wanakwambia mpe muda seli zinafanya kazi, halafu hapohapo wanaanza kumuuzia sindano nyingine ya kuongezea nguvu!

Nikaomba karatasi alizosaini. Ukurasa wa nyuma kabisa, maandishi madogo ambayo mtu wa umri wake hawezi kuyasoma hata na miwani, imeandikwa kwamba bidhaa haijaidhinishwa na FDA (mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani) kutibu ugonjwa wowote, matokeo hayana uhakika, hela ikishalipwa hairudi. Na nakala ya kibandiko cha kichupa imo humo, hakuna mahali kinasema seli shina, kinasema ni maji ya uzazi yaliyochakatwa, basi. Kwenye ukumbi wanahubiri seli hai, kwenye karatasi wanaandika kitu kingine. Hapo ndipo nilipojua hawa watu wanajua kabisa wanachofanya.

Sasa wanajificha nyuma ya sayansi ambayo ipo kweli, ndio maana hata wasomi wanaingia mkenge. Mwezi Januari 2007 Anthony Atala na Paolo De Coppi na wenzao wa Wake Forest, North Carolina, walitangaza kwamba kwenye maji ya chupa wamepata seli shina zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za mfupa, misuli, mafuta, mishipa ya damu, ini na hata neva. Kazi nzuri na inaheshimika. De Coppi sasa yuko London, na mwaka 2024 yeye na wenzake walionyesha kwamba seli za maji hayo zinaweza kuoteshwa maabara zikawa vipande vidogo vinavyofanana na tishu za mapafu, figo na utumbo wa mtoto ambaye bado yumo tumboni, ili madaktari waelewe kasoro zake kabla hajazaliwa. Hayo yote ni ya maabara, hakuna aliyesema chukua maji umchome bibi gotini.

Na angalieni, kwenye ile kazi ya 2007 seli shina zenyewe zilikuwa kama asilimia 1 tu ya seli zilizomo kwenye maji, ikabidi zichambuliwe kwa alama maalumu kisha zikuzwe maabara mpaka ziwe nyingi. Hawa wa semina maji yao yanatoka kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, yanachujwa, yanagandishwa, mengine yanapigwa mionzi kuua vijidudu, yanasafirishwa, ndio yanafika kwenye kichupa. Seli gani itabaki hai hapo? Watafiti wa California walichukua bidhaa za aina hii zilizokuwa sokoni wakazipima, matokeo yakatoka 2019, hawakukuta seli shina za aina inayodaiwa. Kwa hiyo mzee wako analipa maelfu ya dola kuchomwa majimaji.

FDA wenyewe msimamo wao uko wazi. Bidhaa ya maji ya chupa inayouzwa kutibu ugonjwa ni dawa, lazima ipitie majaribio na kibali, na muda wa kuvumiliana na wauzaji uliisha tarehe 31 Mei 2021. Mpaka sasa hakuna hata moja iliyoidhinishwa kwa magoti, mgongo wala kitu kingine. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, nayo hailipii sindano hizi za viungo, ndio maana wanataka kadi yako au mkopo. Ukisikia mtu anakwambia "tumesajiliwa FDA" muulize umesajili nini, kwa sababu kusajili jina la kampuni sio kupewa kibali cha dawa. Hata kuonekana kwenye ClinicalTrials.gov, ile orodha ya mtandaoni ya majaribio ya tiba, sio kibali, mtu yeyote anaweza kuorodhesha jaribio lake pale na akawa anawatoza hela hao anaowajaribia.

Na hii biashara imeshapelekwa mahakamani. Mwaka 2018 FTC (tume ya Marekani inayolinda wateja dhidi ya utapeli) ilimbana daktari mmoja wa California na kampuni zake waliokuwa wanauza seli shina za maji ya chupa kwa madai ya kutibu Parkinson, usonji, mtindio wa ubongo, upofu wa uzeeni, sindano ya kwanza dola 9,500 mpaka 15,000, halafu za kuongezea dola 5,000 mpaka 8,000. Walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 3. Mwaka huohuo wagonjwa 12 wa Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitali kwa maambukizi baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyouzwa kwa staili hiihii, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walipopima hata vichupa ambavyo havijafunguliwa walikuta bakteria ndani, E. coli wakiwemo. Bakteria akiingia kwenye goti la mtu mzima mwenye kisukari mnaweza kumzika jamani, sio mambo ya kujaribu bahati.

Nimeona pia kuna paketi za unga zinazouzwa Dar na Nairobi kwa jina la seli shina, za mtandao ule wa kuingiza watu chini yako. Unga ukimezwa unasagwa tumboni kama chakula kingine, hauwezi kwenda kuota gegedu. Kwa Tanzania ulizeni TMDA, mamlaka ya dawa, Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu, kabla hamjatuma hela ya wazazi huko.

Kama umeshalipa kwa kadi wahi benki upinge malipo, usisubiri kliniki ikupe jibu. Ripoti FTC kwenye reportfraud.ftc.gov, kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako, na kama mgonjwa amedhurika ripoti FDA kupitia MedWatch, ukiwa na picha ya kibandiko cha kichupa na namba ya toleo. Dai nakala za karatasi zote, ni haki ya mgonjwa. Jina la kliniki ya kwetu siliweki hapa kwa sababu malalamiko yetu yako jimboni bado yanashughulikiwa.

Semina zinaendelea na matangazo wanayapeleka makanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya zetu, kwa hiyo viongozi naomba msiyapokee. Mzazi akitaka kwenda lazima, nenda naye, na asiweke sahihi yoyote siku hiyo hata kama punguzo linaisha saa hiyohiyo.