Katikati ya Dar kwa miguu: majengo ya kutazama na pa kula kwa bei ya fundi

Mimi ni fundi uashi. Kazi yangu kubwa ni lipu, na vifaa navinunua Kariakoo. Nikimaliza manunuzi mapema namwachia mwenye duka mzigo, nakata Mnazi Mmoja kwa miguu, naingia Kisutu, nateremka hadi baharini. Wakazi wengi wa Dar huenda mjini kwa sababu ya benki, ofisi au boti ya Zanzibar, na wakimaliza wanakimbilia gari. Wamepita chini ya majengo bora kuliko yote tuliyonayo bila kuinua macho, na wameondoka na njaa kwa kuamini kwamba kula Posta, huku katikati ya mji, ni kwa wenye nazo. Ningependa wabaki saa mbili tatu zaidi.

Anza na lenyewe Soko la Kariakoo. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania, likajengwa miaka ya 1970. Tazama paa: ni miamvuli ya zege iliyopangwa bega kwa bega, kila mmoja juu ya nguzo yake. Aliyewahi kufunga mbao za fomu anajua ni kazi gani kumwaga zege jembamba lenye mkunjo, likakauka bila kupasuka, tena juu vile. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko. Mimi naona jengo hili lingestahili kuwa kwenye noti zetu.

Ukivuka Mnazi Mmoja unaingia Uhindini, na hapo ndipo macho yanatakiwa yawe juu. Mtaa wa Indira Gandhi, Zanaki, Jamhuri, Mosque, India: chini ni duka, juu ni nyumba ya kuishi, na kileleni kabisa, kwenye lipu, kuna jina la familia au la jengo na mwaka. Mwaka ule haukubandikwa. Umechongwa kwa mkono katika lipu mbichi, na herufi bado zina ncha. Kuna roshani zenye kona za mviringo, na kuna vizingiti vya zege vilivyotokeza juu ya kila dirisha ili jua la saa sita lisiingie ndani. Kwenye ngazi wameweka tofali za matundu, upepo unapita, mvua haipiti. Nimewahi kuingia kwenye ngazi ya namna hiyo mchana wa Februari nikakuta kuna ubaridi, na hakuna kiyoyozi. Leo tunajenga sanduku la vioo, kisha tunanunua umeme wa kulipoza.

Kinachoniuma ni jinsi majengo haya yanavyopungua. Kila nikirudi nakuta bati la mkandarasi limezungushiwa mahali palipokuwa na roshani. Yaliyobaki yamefunikwa na mabango, nyaya na mashine za viyoyozi zilizopigiliwa katikati ya nakshi. Sisemi mwenye nyumba asipate riziki, mtaa ule una thamani kubwa na ghorofa kumi zinalipa kuliko mbili. Lakini uso wa mbele ungeweza kubaki na ghorofa mpya zikapanda kwa nyuma. Ni kazi inayowezekana, na mafundi wa kuifanya wapo.

Kisutu ndipo pa chai. K Tea Shop ni mahali pa zamani, hakuna mapambo, meza zinajaa asubuhi na kila mtu anakaa popote penye nafasi. Chai ya maziwa ni nzito na moto hasa. Kachori, kababu na bajia zinatoka jikoni zikiwa bado zinalia mafuta, na chatne ya nazi wanaleta bila kuombwa. Kwa elfu tatu hadi nne nimekula nikashiba mpaka mchana. Wahudumu hawana maneno mengi, wanakumbuka ulichoagiza na wanajumlisha kichwani. Usiende ukitegemea kukaa na simu saa nzima, watu wamesimama wanasubiri kiti chako.

Sanamu ya Askari pale Samora utaipita tu, lakini simama kidogo. Iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya kwanza. Kabla ya hapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916. Bunduki ya Askari yenye singe imeelekea bandarini.

Mbele ya bahari kuna makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, na kila mtu ana analolipenda. Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lina mnara mrefu wenye ncha, na ndani matao ya dari yanavuta macho juu kwa taratibu. Azania Front ni jepesi zaidi, kuta nyeupe na vigae vyekundu, na hata juu ya madirisha ya mnara wameweka vipaa vidogo vya vigae. Mimi ni wa Azania kwa upande wa nje na wa Mtakatifu Yosefu kwa upande wa ndani. Kando ya Mtakatifu Yosefu kuna Atiman House, nyumba ya enzi za Sultan Majid, iliyopewa jina la Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akaja kuwa tabibu kule Karema, Ziwa Tanganyika. Wengi wanaipita bila kujua.

Sasa Boma la Kale. Kama una muda wa jengo moja tu, liwe hili. Lilijengwa miaka ya 1860 na Majid bin Said, sultani wa Zanzibar aliyeanzisha mji huu, na liko hatua chache kutoka zinakopakia boti. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuketi kwenye kina cha dirisha. Milango ni ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Zanzibar. Ukiingia chumbani, angalia upana wake, kisha angalia boriti darini. Katika nyumba za pwani za namna hii vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, mita tatu hivi basi. Msitu wa mikoko ndio uliompimia msanifu chumba.

Na chokaa ni somo kwa mafundi wenzangu. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, chokaa inauachia utoke. Ukija ukaupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya masika chache lipu inavimba na kubanduka na vipande vya jiwe. Nimeona nyumba za pwani zilizoharibiwa hivyo na fundi mwenye nia njema kabisa. Boma lilivyokarabatiwa unaona tofauti kwa kiganja: uso wa ukuta una ulaini usio wa saruji. Ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam, DARCH, chenye maonyesho ya jinsi mji ulivyokua. Picha za mitaa ya zamani zimenifanya nikae muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chakula cha mchana usikitafute barabarani mbele. Ingia vichochoro vya nyuma ya Samora na Sokoine, fuata makarani waliovua tai na vijana wa bodaboda. Mama ntilie ninayekwenda kwake ana benchi mbili chini ya turubai na masufuria sita. Akiniona tu anauliza, "Fundi, ugali au wali?" Nikisema wali, anaongeza, "Na dagaa nimewatia nazi leo, usiniambie hukuambiwa." Wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki na ndizi moja ni elfu tatu. Maji ya kunawa ni ya uvuguvugu na sabuni ipo, jambo ambalo mimi huliangalia kwanza kabla ya sufuria. Fika kabla ya saa saba. Saa nane unakuta ukoko.

Nalinganisha na mgahawa mmoja wenye viyoyozi, jina naliacha, ambako mteja wangu alinipeleka tukazungumze kazi. Wali ulikuja wa baridi, kuku mkavu, na bili ilikuwa zaidi ya mara sita ya ile ya mama. Mahali penyewe palikuwa ghorofa ya chini ya jengo ambalo huwezi kufungua dirisha hata moja.

Jioni zipo njia mbili. Ukitaka samaki, nenda soko la samaki la Feri, chagua wako, patana bei, kisha wapeleke kwa wakaangaji walio hapohapo. Usikubali bei ya kwanza, na mwombe mkaangaji amkaushe vizuri. Ukitaka nyama, rudi pembe ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kwenye mgahawa wa Mamboz. Majiko ya mkaa yako nje, moshi umejaa mtaa, watu wanakula mezani pembeni ya barabara. Kuku wao ana pilipili na ndimu ya kutosha kukutoa jasho, na mishkaki ni laini. Ni ghali kuliko mama ntilie, karibu mara tatu au nne, lakini sahani ya wawili inawatosha kweli. Ukikaa upande wa pili wa barabara unaona na roshani za juu taa zikiwashwa.

Basi la mwendokasi linakufikisha kirahisi, shuka Kisutu au Posta ya Zamani. Jumapili epuka, maduka yamefungwa na mama ntilie wengi hawapo. Jumamosi asubuhi ndiyo bora, barabara ni nyepesi na migahawa ya chai imefunguka. Picha piga kwa adabu. Karibu na Ikulu na ofisi za serikali kule Magogoni usitoe simu kabisa. Kama mna watoto, Feri iwe asubuhi, na wavae viatu vya kufunika vidole, maana sakafu ina maji ya samaki na inateleza.