Rangi ya chumba cha kulala: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

Dada yangu wa Tabata alipaka chumba chake kijivu. Alikiona kwenye simu akakipenda, akampelekea muuza rangi picha, ikachanganywa kwa mashine, na mchana chumba kilipendeza kweli. Saa mbili usiku akawasha taa, kuta zikageuka baridi kama za wodi. Fundi hakukosea, wala mchanganyaji hakukosea. Taa nyeupe tunazonunua kwa wingi madukani ni za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wenye ubuluu ndani yake, na kijivu huuchukua ubuluu huo upesi.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tunaingia chumbani jua limeshazama na tunatoka kabla halijapanda vizuri. Rangi ya sebule ichague mchana. Ya chumbani ichague usiku, chini ya taa yako mwenyewe, pazia likiwa limefungwa.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni krimu iliyotiwa hudhurungi kidogo, ile ambayo wengi huiita biskuti. Sisemi krimu ya njano-njano, ambayo chini ya taa ya joto, yaani yenye mwanga wa unjano, hukolea mpaka ikafanana na siagi. Biskuti haiyumbi: taa nyeupe haiifanyi iwe baridi, na taa ya kelvini 2700 au 3000 inaipa utulivu wa mwanga wa kibatari. Inakubali kitanda cha mninga, inakubali chandarua cha bluu, inakubali shuka zozote ulizonazo kabatini. Kama umepanga, mwenye nyumba naye hana sababu ya kukudai urudishe rangi ya zamani siku ya kuhama.

Ya pili ni kijani kilichopoa, kama jani la mchaichai lililokauka. Hii ndiyo ningeipaka chumbani kwangu leo kama kitanda ni cha mninga, maana wekundu wa mbao na ukijani wa ukuta hukuzana. Kila kimoja kinaonekana vizuri zaidi kikiwa karibu na mwenzake. Shida yake ni kwamba kwenye kadi ya dukani kipande ni kidogo kama kucha, na kikipanda ukutani kinaonekana kikali zaidi. Chagua kilichopoa kuliko unachodhani unakitaka, shuka hatua moja au mbili.

Bluu hafifu naiweka ya tatu, na naipendekeza hasa kwa chumba chenye dirisha la magharibi, kile kinachopigwa na jua kali la jioni. Inatuliza jicho. Haipunguzi joto, na yeyote akikwambia rangi ya ndani itapooza chumba, usimsikilize. Kinachosaidia ni rangi nyeupe ya nje na ya bati, inayolirudisha jua kabla halijaingia. Ukichukua bluu, badili na taa uweke ya joto, la sivyo utaishia kwenye ubaridi ule ule wa dada.

Nyeupe tupu wengi huiona salama, mimi naipa nafasi ya nne. Katika chumba chenye giza haileti mwanga ambao haupo. Inageuka tu kuwa ya kijivu. Halafu tazama ukuta mweupe wa chumba kilicholaliwa mwaka mmoja: juu ya kichwa cha kitanda pana duara la mafuta ya nywele, na pembeni vidoti vya hudhurungi vya mbu waliopigwa kwa kiganja wakiwa wameshiba.

Kijivu ni cha tano, na ni kwa yule tu aliye tayari kubadili taa. Nyekundu, zambarau na njano kali ni za mwisho. Zinadai mikono mitatu au minne, yaani kupakwa mara tatu au nne, ili zizibe, na siku ukizichoka utanunua praima, rangi ya kutangulia, kwanza ndipo upake kitu kingine.

Baada ya rangi yenyewe, uliza aina. Rangi ya maji ya siliki, inayong'aa kidogo, ndiyo ya kuta za chumbani, kwa sababu duara lile la mafuta linafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Mati, isiyong'aa, inaficha mabonde ya lipu isiyonyooka, lakini ukiisugua inaacha alama. Iweke darini, au ukutani kama skimu, tabaka la kulainisha ukuta, ilipigwa vibaya na huna bajeti ya kurudia. Rangi ya mafuta iishie kwenye mlango na fremu. Rangi za mafuta zenye njano na wekundu mkali ndizo zilizowahi kutiwa risasi, ile metali yenye sumu, kwa wingi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Soma kopo, na kama halisemi lolote kuhusu risasi, chukua lingine. Kwa chumba cha mtoto hapo sina mjadala.

Kiasi kisikusumbue. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kimo mita 2.8, kina kuta za mita za mraba 39 hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na kubakiza. Fundi akidai ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, mwombe akupigie hesabu mbele yako. Na anapochanganya maji, simama hapo hapo, usome kopo linasema kiasi gani. Rangi iliyozidishwa maji haizibi hata ukiipaka mara tano.

Kama lipu ni mpya, subiri siku 28 kabla ya kupaka. Kama ukuta unatoa chumvi na kubanduka chini, rangi yoyote utakayonunua itabanduka nayo, basi tafuta kwanza maji yanakotoka.

Kabla ya kununua galoni, nunua kopo dogo kabisa la rangi uliyoichagua. Paka mikono miwili kwenye kipande cha boksi kikubwa kama mlango wa kabati, kiache kikauke usiku kucha, kwa maana rangi ya maji ikikauka hukolea kuliko ilivyokuwa mbichi. Kesho yake kisimamishe nyuma ya kitanda saa mbili usiku, ulale chali, ukitazame ukiwa pale pale ambapo utakuwa unakitazama kila siku. Siku ya pili kihamishie ukuta wa dirishani.

Ukishapaka, andika namba ya mchanganyiko kwa kalamu ya wino juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hapaonekani. Lita ile iliyobaki ifunike vizuri uiweke mbali na jua. Mbu wataendelea kuja.