Asubuhi Moja na Wawindaji wa Kihadzabe, Mang'ola: Tathmini ya Ziara

Mwishoni mwa Juni, shule zilipofungwa, mimi na mpwa wangu wa miaka 13 tulisafiri kutoka Arusha kwenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa ajili ya huduma ambayo kampuni nyingi za utalii huitangaza kwa maneno yanayofanana: kuamka usiku wa manane, kuingia porini na Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, kuwaona wakiwinda, na kurudi kambini kabla jua halijawa kali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Babu yangu mzaa mama, huko Singida, alikuwa mtegaji hodari wa kanga na sungura, na ujuzi wake aliondoka nao, kwa sababu watoto na wajukuu wote tulipelekwa shule na hakuna aliyebaki nyumbani wa kumfuata nyuma. Nilichokwenda kukitafuta Mang'ola ni kuona kwa macho yangu jinsi kijana anavyojifunza kuwinda kutoka kwa baba, kaka na rafiki zake, na tathmini hii naiandika kwa kipimo hicho.

Safari yenyewe haina ugumu. Kutoka Arusha hadi Karatu ni barabara ya lami inayopita Makuyuni na Mto wa Mbu. Baada ya Karatu unaiacha lami na kushika barabara ya vumbi ya takriban kilomita 50 hadi Mang'ola, mahali panapojulikana sokoni kwa vitunguu kuliko kwa wawindaji. Mashamba ya vitunguu yamestawi kwa maji ya chemchemi, na ukiuvuka mfereji wa mwisho unajikuta mara moja kwenye pori kavu la migunga, mibuyu na mawe. Kambi ziko humo. Ukaribu huo wa shamba na pori unafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndio unaoeleza kwa nini wanyama wa upande huu wamepungua, na kwa nini mwindaji hurudi na ndege mara nyingi zaidi kuliko swala.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu malipo. Kampuni tuliyosafiri nayo ilitutoza kiasi kimoja cha jumla bila mchanganuo wowote, na dereva alipoulizwa ni kiasi gani kinachofika kambini alijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Pale Mang'ola mambo yalikuwa wazi zaidi: mgeni anafika kwanza kwenye ofisi ya utalii wa utamaduni, analipia kiingilio na mwongozaji, anapewa stakabadhi, kisha anapangiwa kijana wa hapohapo anayejua kambi zimehamia wapi na anayeielewa lugha ya wenyeji. Laiti ningelijua hilo mapema, ningekodi gari Karatu na kulipa kila kitu mwenyewe mezani pale. Mwongozaji wetu alikuwa Mdatoga, mtu wa jamii ya wafugaji wa eneo hilo, aliyekulia jirani na Wahadzabe, na alikuwa akizungumza nao kwa lugha yao yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, lugha ambayo wataalamu wa isimu hadi leo hawajathibitisha undugu wake na nyingine yoyote. Kwake yeye sina lawama hata moja.

Tulifika kambini saa 11 na nusu alfajiri, baridi ikiwa kali. Wanaume walikuwa wameuzunguka moto wao, wanawake na watoto wadogo wakiwa kwenye moto mwingine, hatua chache kutoka hapo. Hakuna aliyesimama kutukaribisha kwa hotuba, jambo lililonifurahisha. Kijana mmoja wa kama miaka 16 alikuwa akinyoosha mshale: anaupasha moto mahali ulipopinda, anauweka mdomoni na kuubana kwa magego huku mikono miwili ikiuvuta taratibu, anautoa, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kwenye mwanga wa moto, kisha anaurudisha tena motoni. Pembeni yake mtoto wa kama miaka 8 alikuwa na kijiti chake, akifanya vilevile, hadi namna ya kufumba jicho. Kijiti kikavunjika. Yule mkubwa hakusema neno. Alichukua kingine kutoka kwenye fungu lake, akakikwangua gamba kwa kisu, akampa, akaendelea na wake. Mpwa wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, mbona hamwelekezi?" Nilimwambia aendelee kutazama.

Swali lake ndilo nililolipeleka kwa mzee mmoja anayekizungumza Kiswahili vizuri, baada ya kumwamkia na kuomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Alinieleza kuwa baba yake alimpa upinde mdogo angali hajaweza hata kutamka maneno sawasawa, lakini kulenga alijifunza kwa wenzake, wakizurura kutwa nzima pembezoni mwa kambi na kupiga ndege, mijusi na maganda ya ubuyu waliyoyatupa juu. Watafiti walioishi na Wahadzabe wameandika jambo hilohilo: mvulana hupata upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa kama miaka 3, na sehemu kubwa ya anachokijua kuhusu pori huipata kwa watoto wenzake waliomzidi umri kidogo, huku watu wazima wakiwa mfano wa kutazamwa. Watoto hao hujitafutia sehemu ya chakula chao wenyewe, yaani matunda, mizizi na ndege, wakiwa bado wadogo sana. Kwa mtu aliyefundisha darasani miaka 19, kama mimi, maelezo hayo yalitosha kuifanya safari isiwe ya hasara.

Ubora wa vifaa vyao unastahili kutajwa. Upinde wa mtu mzima unakaribia kimo cha mwenyewe, uzi wake ni kano za mnyama zilizosokotwa, na kuuvuta hadi mwisho kunahitaji nguvu ya kama kilo 30. Mpwa wangu, ambaye si dhaifu, aliufikisha nusu tu, mkono ukaanza kutetemeka. Mishale ni ya aina tatu. Upo wa mti mtupu uliochongwa ncha, kwa ndege na wanyama wadogo; upo wenye kigumba cha chuma; na upo wenye kigumba kilichopakwa sumu, ambayo mojawapo hupatikana kwa kuchemsha utomvu wa waridi la jangwani hadi ugande kama lami. Huo wa sumu hufungwa kwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke na mtu asijikwaruze, na mtoto haruhusiwi kuugusa. Manyoya ya nyuma hufungwa kwa kano, na niliona mtoto akitumwa kuokota manyoya ya kanga, akirudishwa mara mbili kwa kuwa aliyoyaleta yalikuwa ya upande usiofaa. Hiyo ndiyo marekebisho pekee ya wazi niliyoyashuhudia asubuhi nzima.

Tuliondoka kambini mwanga ulipoanza kupenya. Hapa lazima niseme kwa uwazi kuhusu kasoro kubwa ya huduma kama inavyouzwa. Mwindaji wa Kihadzabe kwa kawaida hutoka peke yake, au na mwenzake mmoja, akitembea kimya na kupokea kile ambacho pori litamwonyesha; wakati wa kiangazi huweza hata kujificha usiku karibu na maji na kuwasubiri wanyama. Sisi tulikuwa wageni tisa, kwa sababu kampuni yetu ilituunganisha na magari mengine mawili bila kutuuliza. Watu tisa wenye viatu vizito na simu mikononi hawawezi kumkaribia mnyama yeyote mwenye masikio. Digidigi mmoja tulimwona mkia tu. Kwa muda wa karibu saa tatu, mwendo ukiwa wa kasi na miiba ikitushika nguo, vijana walipata tetere wawili na kindi mmoja, wakavichoma papo hapo na kula, na mkubwa akahakikisha kila mtoto aliyetufuata amepata kipande. Mgeni anayelipia ili aone windo kubwa atasikitika. Afadhali aambiwe kabla.

Hata hivyo, katika msururu ule wa watu wengi, kilichonipeleka kilikuwepo, mradi uwe na subira ya kutembea nyuma pamoja na watoto badala ya kukimbilia mbele na kamera. Yule kijana wa miaka 16 alisimama mahali ambapo mimi sikuona chochote, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye ukingo wa unyayo mmoja mchangani. Mdogo wake naye akachuchumaa, akaweka kidole palepale. Ukingo ulimomonyoka kidogo kwa mguso. Mwongozaji alitutafsiria neno moja lililosemwa, kwamba ni wa jana. Unyayo wa asubuhi ile ungekuwa bado umeshika. Walisimama, wakaendelea na safari. Baadaye kidogo mtoto wa miaka 9 alimkosa kwale, na kundi zima la vijana likasimama kuutafuta mshale wake, kwa kuwa mshale ni kazi ya siku nzima na haupotezwi hivi hivi. Hakuna aliyemcheka wala kumkaripia, na ulipopatikana alirudishiwa mkononi.

Walituonyesha pia kiota cha wale nyuki wadogo wasiouma ndani ya shina, wakalichanja kwa shoka na kutugawia asali pamoja na masega yake. Kuhusu mlembe, yule ndege anayemwongoza mwindaji hadi kwenye mzinga wa nyuki wakali, tulimsikia kwa mbali tu. Kupekecha moto tulijaribu sote, na mpwa wangu alitoka na malengelenge kwenye viganja lakini na moshi kidogo pia. Nisisitize kwamba mgeni hawindi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni, na kinachoruhusiwa kwa mgeni ni kurusha mshale kwenye shabaha ya kisiki kambini. Kampuni yoyote itakayokuahidi zaidi ya hapo iachwe.

Sehemu ya pili ya ziara ni kwa wahunzi wa Kidatoga, na wageni wengi huipita haraka. Msiipite. Baba na mwana walikuwa wakifua vigumba kutokana na misumari na vyuma chakavu, mtoto akisukuma mivukuto ya ngozi ya mbuzi kwa mapigo yasiyobadilika, akimtazama baba yake usoni ili ajue wakati wa kuongeza upepo. Wahadzabe hubadilishana nao asali na nyama kwa vigumba, uhusiano ulioanza zamani kabla ya utalii.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye tangazo lolote, nami nalithamini kuliko mengine. Kati ya watoto waliotufuata, mmoja wa kama miaka 12 alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Anasoma vizuri; alimsomea mpwa wangu maandishi ya kwenye fulana yake na kumsahihisha hesabu. Lakini upinde wake ulikuwa mdogo kuliko umri wake, na yule wa miaka 9 asiyesoma alikuwa akimtangulia njiani na kumwonyesha mahali pa kukanyaga. Alifuata bila kuona aibu. Nilimtazama nikamkumbuka babu. Serikali ya baada ya uhuru ilianza kuwapeleka Wahadzabe kwenye makazi ya kudumu tangu miaka ya 1960, na wengi walirudi porini; mwaka 2011 jamii za Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, zilipata hati ya kimila ya ardhi yao, hatua kubwa sana, kwani bila pori hakuna cha kumfundishia mtoto. Mimi kama mwalimu siwezi kumwambia mzazi asimpeleke mtoto shule. Ninachoweza kusema ni kwamba ratiba ya mihula haikutengenezwa na mtu aliyejua kuwa mtoto huyu ana shule mbili.

Kwa atakayekwenda, ombi langu ni haya. Nenda wakati wa likizo za shule, Juni au Desemba, ili uwakute watoto wote nyumbani. Dai kwa maandishi kwamba kundi lenu lisizidi watu wanne. Omba kulala jirani na kambi ili ufike mapema na usiondolewe haraka, maana magari mengi huondoka saa 4 asubuhi, wakati ambapo wanaume wameketi kukarabati mishale na watoto wamewazunguka. Usishangae ukiona mmoja amevaa ngozi ya nyani na mwingine kaptura na fulana. Ngozi nyingine huvaliwa kwa ajili ya wageni, na hilo halimpunguzii mvaaji ujuzi wake. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usigawe fedha mkononi, kwa sababu pombe inayonunuliwa kwa fedha hizo imeshaumiza kambi kadhaa. Muulize mwongozaji kambi inahitaji nini, nasi tuliambiwa unga na chumvi.

Huduma ya Mang'ola naipa alama za juu, na ile ya kampuni iliyotupeleka siipi hata nusu. Kwa Desemba tumeshakubaliana na mwongozaji kwa simu: tutakuwa wawili tu, tutalala usiku mmoja, na malipo tutayafanya pale ofisini. Mpwa wangu ameanza kukausha vijiti vya mishale nyuma ya jiko, na kila jioni huvipasha moto na kuvinyoosha kwa meno.