Miezi kumi na SQLite: mimi, kidonge cha thairoidi na chai ya maziwa

Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nina miaka 47, na tezi yangu ya thairoidi, hii ya shingoni, imechoka kazi. Kabla sijapimwa nilikuwa nalala masaa tisa na kuamka kama mtu aliyeshusha saruji usiku kucha. Desemba navaa sweta huku wenzangu wanagombania feni. Hedhi ikawa nzito mpaka damu ikapungua, kwa hiyo juu ya levothyroxine, ndicho kidonge changu cha thairoidi, nikaandikiwa na vidonge vya kuongeza damu.

Tatizo likawa TSH. Hiyo ni homoni ya tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Thairoidi ikizembea, pituitari inazidi kupiga kelele na namba inapanda. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kama 0.4 hadi 4. Yangu ilikuwa 11.8 na mikrogramu 100 nameza kila siku. Daktari akaniuliza, "Mama, unameza vizuri kweli?" Nilijibu kwa ukali kidogo, nikaondoka nimenuna.

Nilishajaribu programu moja ya simu ya kukumbusha dawa. Inalia, unabofya kwamba umemeza, basi. Haijui umemeza na nini. Daftari lilikuwa afadhali, ila kuhesabu kurasa za miezi miwili kwa kidole ni adhabu. Ndipo mpwa wangu akaniwekea SQLite kwenye kompyuta.

Ni hifadhidata nzima ndani ya faili moja. Haina seva, haitaki akaunti wala intaneti, na ni bure kweli: D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, na haina hakimiliki, ni mali ya umma. Simu za Android zinayo ndani kwa ndani. Faili langu la miezi kumi halifiki uzito wa picha moja ya harusi.

Sura yake lakini! Unafungua unakuta giza na neno sqlite> linapepesa. Hakuna cha kubofya. Jedwali langu lilianza hivi:

CREATE TABLE siku (tarehe TEXT, dawa TEXT, chai TEXT, damu TEXT);

Na kila siku mstari mmoja, tarehe kisha saa ya dawa, ya chai na ya kidonge cha damu:

INSERT INTO siku VALUES ('2025-03-04', '06:00', '06:10', '06:10');

Ile nukta-mkato ya mwisho usiichezee. Siku ya kwanza niliisahau, nikakaa naisubiri mashine, kumbe nayo inanisubiri mimi, inaonyesha ...> tu.

Kilichonitoa jasho zaidi ni saa. Siku moja nilimeza dawa saa kumi na mbili, nikanywa chai saa moja, basi nikaandika '12:00' na '01:00'. Nilipoiambia ipige hesabu ya tofauti, ikanijibu hasi 660. Yaani chai nilikunywa dakika 660 kabla ya dawa! SQLite haijui saa ya Kiswahili, na haina aina maalumu ya data kwa ajili ya saa. Unaweka maandishi, yenyewe inayasoma kwa saa 24. Nikarekebisha wiki mbili nzima, mstari kwa mstari.

Baada ya siku 58 nikauliza:

SELECT count(*) FROM siku WHERE strftime('%s', chai) - strftime('%s', dawa) < 1800;

Hizo 1800 ni sekunde za nusu saa. Jibu: 41. Siku 41 kati ya 58 nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya maziwa kabla nusu saa haijaisha, na karibu zote kidonge cha damu kilishuka pamoja na chai hiyo hiyo.

Nilimpelekea daktari karatasi. Alikuwa tayari kunipandisha hadi 125, akaacha. Levothyroxine hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na inataka tumbo tupu. Vidonge vya madini ya chuma, kama changu cha damu, na vya kalsiamu vikiikuta njiani vinaing'ang'ania, utumbo unashindwa kuipokea, inatoka ilivyoingia. Vinapaswa kukaa mbali nayo kama masaa manne. Na chuma chenyewe nilikuwa nakipoteza, kwa sababu majani ya chai yanakizuia kisifyonzwe. Yaani nilikuwa nanunua dawa mbili na kuzigombanisha tumboni. Kidonge cha damu kikahamia usiku, na chungwa. Chai ikasogea hadi saa moja kamili. Levothyroxine hukaa mwilini, nusu yake huisha kwa kama wiki moja, hivyo hakuna haja ya kupima haraka. Nilirudi baada ya wiki nane. TSH 3.1, dozi ile ile.

Sasa lawama, na hii ni yangu mwenyewe. Nilipoongeza safu ya dozi nilitaka kusahihisha siku moja tu, nikaandika UPDATE siku SET dozi = 75; bila WHERE, neno la kutaja mstari upi. Ikatii. Mistari yote ikawa 75, haikuniuliza hata "una uhakika?" Bahati nilikuwa nimenakili faili kwenye flashi Jumapili. Siku hizi naanza na BEGIN. Nikiona mambo yameharibika naandika ROLLBACK. Na kila kitu kinarudi mahali pake.

Ningempa nani? Mtu mwenye dawa ya kila siku, anayependa hesabu, asiyeogopa giza la skrini. Mama yangu hapana. Na asitokee mtu akajipandishia dozi kwa sababu ya SELECT yake.

Ninachokosa ni kuandikia kwenye simu. Kwa sasa nabandika karatasi pembeni ya jiko, jioni ndiyo naingiza. Ya wiki hii ina doa la chai, lakini ni chai ya saa moja.