Gitaa la umeme lisilo na kichwa: lipi ununue kwa bei nafuu ukiwa Mwanza

Mpiga solo anayepanda bodaboda kutoka Igoma kwenda Kirumba, au anayevuka na meli kwenda Nansio, ana sababu nzuri ya kulitaka gitaa hili. La kawaida lina urefu wa karibu mita moja. Lisilo na kichwa mara nyingi huishia kati ya sentimita 75 na 85, na mengi hayafiki kilo 3. Nafasi kati ya nati ya shingoni (kipande kinachopitisha nyuzi juu ya shingo) na daraja linaloshika nyuzi mwilini haipungui, ni inchi 25.5 kwa mengi yao, kwa hiyo vidole havina cha kujifunza upya. Kilichohama ni vikazio vya nyuzi: vimetoka kichwani vikaenda darajani.

Basi daraja ndilo unalolinunua. Pikapu mbovu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, hubadilishwa na fundi yeyote anayejua kusoda, na rangi ni rangi tu. Daraja la gitaa hili lina vipimo vyake na matundu yake. Likifa, kulipata linalolingana mjini ni kazi kubwa kuliko kununua gitaa jingine.

Nafasi ya kwanza tunalipa Harley Benton Dullahan, linalouzwa na duka la Thomann la Ujerumani. Chukua lenye daraja lisilosogea. Lina freti 24 (vile vyuma vya kukatiza shingo), ambazo mpiga sebene atazifikia zote bila kukunja kiwiko, na linakubali nyuzi za kawaida za dukani. Toleo lenye shingo ya mepo iliyookwa linafaa zaidi huku ziwani, maana mbao ya aina hiyo hainyonyi unyevu sana. Shingo haitapinda kirahisi wakati wa mvua na kunyooka tena ukame wa Julai ukifika. Usiishie kwenye bei ya tovutini: ulizia kwanza kama watakusafirishia na kwa gharama gani, kisha ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

La pili ni gitaa la China lisilo na jina, laki nne hadi nane kabla ya usafiri. Hapa ni bahati na macho yako. Mawili ya muundo mmoja yanaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo lijaribu kabla hujalipa, au mwagizaji akurekodie video akifanya haya. Alegeze uzi mnene kabisa kisha aupandishe hadi noti ya E kwa vidole vitupu. Kikazio kikihitaji koleo, huenda chuma chake kinasagana na kitaendelea kuwa kigumu. Usitegemee tone la mafuta limalize tatizo. Uzi ukishafika kwenye sauti, kikazio kiwe bado na nafasi ya kukaza. Halafu abonyeze freti ya 12 na kulinganisha na sauti ya kugusa uzi juu ya freti hiyohiyo bila kubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kitako cha uzi kilicho darajani kinatakiwa kurudi nyuma. Aonyeshe kama nafasi ya kurudi ipo. Mwisho apitishe kiganja ubavuni mwa shingo. Freti zikichoma, mbao ilikauka vibaya, na utalipa fundi wa kuzipiga tupa.

Lawama nyingi za kwamba magitaa haya hayashiki sauti hutokana na ufungaji wa nyuzi. Legeza kikazio mpaka mwisho. Weka kipira cha uzi, kile kifungo kidogo cha mwishoni, darajani, vuta upande wa pili kwa nguvu hadi uzi usiwe na ulegevu, kaza skrubu ya kibanio cha juu ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), kisha ndipo utuni. Usipouvuta kwanza, kikazio kitafika mwisho kabla ya sauti. Uzi wa kusokotwa ukunje pale unapotokea kwenye kibanio na ukate baada ya kuukaza, kamwe si kabla. Ukikatwa mapema msokoto hufunguka na noti inakufa. Ukikaza skrubu kupita kiasi, utakata uzi au utaliviringa tundu la alenki.

Donner Hush-X iko ya tatu. Fremu zake za mwili zinachomoka na unaweza kusikiliza kwa hedifoni, jambo zuri kwa nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba. Kwa jukwaani tungeendelea na mawili ya juu.

Steinberger Spirit linabeba jina la Ned Steinberger, Mmarekani aliyeupa umaarufu muundo huu kwa gitaa la besi miaka ya mwanzo ya 1980. Ni dogo, imara, na vikazio vyake ni laini. Tunaliweka la nne kwa sababu moja: limetengenezewa nyuzi zenye vipira pande zote mbili, na usitegemee kuzikuta dukani Mwanza. Ukilipata kwa bei nzuri, agiza seti tano pamoja nalo.

Lenye tremolo (daraja linalosogea kwa springi) ya bei rahisi liache. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinavuta daraja na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote. Ibanez Q ni zuri, lakini ukishafika dola 1,000 hatuzungumzii tena bei nafuu.

Tenga pesa ya vitu vidogo. Kifaa cha kutuni (tuna) cha kubana kichwani hakina pa kukaa, chukua cha kukanyaga au programu ya simu. Kapo, kile kibano cha shingoni cha kupandisha sauti, hufanya kazi vizuri, ila ukiivua itie mfukoni. Ndoano ya ukutani haifai. Tafuta stendi inayoshika mwili. Nunua seti mbili za nyuzi za unene wa 9–42 na alenki mbili za saizi ya skrubu zako, moja uifunge kwenye mkanda. Na ukitumia begi la gitaa la kawaida, jaza nguo upande wa juu, la sivyo gitaa litateleza humo na kibanio cha nyuzi ndicho kitakachopigwa kila basi likiruka tuta.