Uzoefu wangu: kozi ya jioni ya programu za kiobjekti kwa walio kazini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza mifumo ya SACCOS jijini Dar es Salaam, mingi ikiwa imeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP ya mtindo wa zamani, yenye fankisheni (vipande vya msimbo vyenye kazi maalumu) ndefu zinazoitana kutoka faili moja hadi jingine. Kozi ninayoieleza hapa hutolewa na chuo kimoja cha hapa jijini kwa ajili ya watu ambao tayari wanaishi kwa kazi ya programu. Vipindi ni jioni na Jumamosi asubuhi, na mazoezi yote huandikwa kwa lugha ya Java.

Mwanzo wake haukuniridhisha. Tulifundishwa urithi, yaani klasi (kiolezo cha kuundia objekti) kuchukua sifa za klasi nyingine, kwa mfano wa klasi ya Mnyama inayozaa Mbwa na Paka, mfano ambao hauwezi kumshawishi mtu anayeshinda na marejesho ya mikopo kwamba kuna sababu ya kubadili namna yake ya kufanya kazi. Kilichokuwa na manufaa zaidi katika vipindi hivyo ni maelezo mafupi ya chimbuko la mtindo wenyewe wa kiobjekti: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway waliijenga lugha ya programu ya Simula katika miaka ya 1960 ili kuiga kwenye kompyuta mwenendo wa mifumo halisi, na kwa hiyo objekti tangu awali ilikusudiwa kubeba pamoja hali ya kitu na matendo yake.

Kozi ilichangamka pale mkufunzi alipotutaka tulete msimbo wa kazini, taarifa za wateja zikiwa zimeondolewa. Mimi nilipeleka fankisheni ya kukokotoa riba, yenye mlolongo wa masharti: kama mkopo ni wa dharura, fanya hivi, kama ni wa elimu, fanya vile, kama ni wa maendeleo, tumia salio linalopungua (riba juu ya deni lililobaki). Kila bodi ilipoanzisha aina mpya ya mkopo, ilinilazimu kugusa fankisheni hiyo, ripoti ya mwezi, na ukurasa wa maombi. Mkufunzi hakunipa jibu. Alianza kwa kunitaka niandike majaribio yanayothibitisha kwamba hesabu za sasa ni sahihi, kisha ndipo nikatenga klasi ya Mkopo na kuiachia kila aina ijikokotolee riba yake. Sasa aina mpya ya mkopo huingia kama klasi mpya, na ile mistari ya zamani inabaki kama ilivyo.

Nilipofika kwenye mkopo usiohitaji dhamana, niliandika methodi (fankisheni ya ndani ya klasi) ya kuongeza dhamana ambayo kazi yake ilikuwa kurusha kosa tu, yaani kutoa taarifa ya kosa badala ya kufanya kazi. Hapo tulisimama kwa muda mrefu, na ninashukuru kwamba tulisimama, kwa sababu ndipo nilipoielewa kanuni ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov ya 1987: objekti ya klasi-mtoto iweze kukaa popote panapotarajiwa klasi-mzazi bila programu kuharibika. Dhamana ikahamishwa kutoka kwenye Mkopo hadi kwenye kiolesura (interface) chake chenyewe, yaani orodha ya methodi ambayo ni klasi zinazoihitaji tu ndizo huahidi kuitimiza.

Suala la kuficha data nalo lilifundishwa vizuri sana. Salio la akaunti likiwa la ndani ya klasi, likabadilika kwa kuweka na kutoa tu, na kila badiliko likaacha muamala, basi mkaguzi wa hesabu akiuliza fedha zimepunguaje, jibu lipo.

Kasoro zipo. Tulitumia Java 8, toleo la 2014, ilhali rekodi (klasi fupi za kubeba data isiyobadilishwa) zimekuwa sehemu kamili ya lugha hiyo tangu Java 16 ya 2021, na kwa miamala isiyopaswa kubadilishwa zingetufaa mno. Vipindi vya jioni havirekodiwi, hivyo wanaotoka Mbagala au Kimara wakikwama kwenye foleni hukosa nusu ya somo, jambo ambalo si haki kwa mtu aliyelipa ada kamili.

Ningeipendekeza kwa mtu mwenye mfumo unaotumika, unaobadilishwa mara kwa mara, na ambaye mwajiri wake atamruhusu kuupeleka darasani. Anayeanza kabisa asubiri kwanza apate uzoefu wa kutunza msimbo. Kabla ya kulipa, ni vyema kuuliza ni toleo gani la Java litatumika katika awamu husika, na kama zoezi la msimbo wa kazini bado lipo kwenye ratiba.